Hii Homuweki ni ya Mtoto au ni ya Mama?

Mwezi huu naanza kwa kutubu. Mwenzenu nimefanya homuweki ya darasa la pili kwa mkono wa kushoto.

Ilikuwa wiki ya kufunga jarida, na wanaofanya kazi hii wanajua wiki hiyo inavyokuwa. Nimetoka ofisini saa moja usiku, foleni ya Barabara ya Morogoro ikanishika kuanzia Ubungo, nikafika nyumbani saa tatu kasoro. Binti yangu, ana miaka saba, nikamkuta kalalia daftari mezani, penseli bado iko mkononi. Mbele yake kulikuwa na hesabu arobaini za kutoa. Alikuwa amefanya kumi na moja, na nyingi kati ya hizo amefuta na kurudia mpaka karatasi imetoboka.

Nikamwangalia, nikaangalia saa, nikamwambia dada amwingize chumbani. Halafu nikavua viatu, nikakaa kwenye kile kiti chake, nikasahihisha zile alizokosea na kumaliza ishirini na tisa zilizobaki. Nilitumia mkono wa kushoto ili mwandiko ufanane na wa mtoto. Mbili nikakosea makusudi, maana nilijua akipata zote mwalimu atashtuka.

Kesho yake daftari likarudi. Vema nyekundu kila mahali, 38 kwa 40, na chini mwalimu kaandika kwa Kiingereza kwamba kazi ni nzuri ila aongeze bidii kwenye mwandiko. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka dada akaja kuangalia kulikoni. Nilipomaliza kucheka ndipo nikajiuliza: hivi huyu mwalimu leo kajua nini kuhusu mwanangu?

Hebu tufuatane kwenye ratiba ya huyu mtoto, maana najua wengi wenu mna wa aina yake. Anaamshwa saa kumi na nusu alfajiri. Saa kumi na moja na nusu basi la shule linapiga honi getini, kwa sababu sisi ni wa kwanza kwenye mzunguko na basi lazima lipite mitaa mingine yote kabla ya kufika. Vipindi vinaanza saa moja na nusu. Vinaisha saa tisa, halafu kuna kile kipindi cha ziada ambacho kwenye fomu kiliitwa cha hiari na sijawahi kumwona mtoto aliyekataa. Basi linamrudisha saa kumi na mbili jioni. Anaoga, anakula, na saa moja usiku madaftari yanafunguliwa: Hesabu, Kiingereza, Sayansi, na siku nyingine maneno kumi ya kukariri kwa ajili ya imla ya kesho.

Zikienda vizuri sana anamaliza saa tatu. Zisipokwenda vizuri ni saa nne. Piga hesabu mwenyewe: saa nne usiku mpaka saa kumi na nusu alfajiri ni saa sita na nusu za usingizi. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilitoa mwongozo kwamba mtoto wa miaka sita hadi kumi na miwili anahitaji kulala saa tisa mpaka kumi na mbili. Wa kwangu alikuwa anapungukiwa saa mbili na nusu kila siku, halafu mimi nalalamika kwamba asubuhi ananuna.

Lakini usingizi siyo uliosababisha niandike haya. Kuna jambo jingine, nalo sijamsimulia mtu mpaka sasa isipokuwa baba yake.

Siku moja niliwahi kurudi. Nilikuwa na hasira za kazini, sitaki kudanganya. Tukakaa kwenye hesabu, nikamweleza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya nne nikapiga meza kwa kiganja na kusema, "Hivi wewe una akili kweli?" Mtoto hakulia. Aliniangalia tu, halafu akaanza kuandika namba haraka haraka, namba zozote zile, alimradi mkono usimame nisiseme tena. Nilijiona mshindi kwa dakika tano.

Wiki iliyofuata dada akaniita pembeni. Dada wetu ni msichana mtulivu, hapendi kuchongea. Akasema, "Mama, nisamehe, lakini naona nikuambie. Mtoto akisikia gari lako getini anakimbia kuficha daftari chini ya godoro. Ananiambia nisiseme kama ana homuweki."

Jamani. Mimi nilikuwa nadhani mtoto wangu akisikia gari anafurahi.

Katika jarida hili tunaandika kila mwezi kuhusu mahusiano. Tunawashauri wanandoa watafute muda wao, wazime simu, wale pamoja. Lakini kwenye nyumba nyingi za mjini, mzazi anayefanya kazi na mtoto wake wana saa mbili tu kwa siku za kuonana macho kwa macho, tena mkibahatika. Ukishachukua saa hizo mbili ukazijaza hesabu arobaini, mama anageuka kuwa mwalimu wa pili, na mwalimu mbaya kuliko wa kwanza, kwa sababu huyu hajasomea ualimu na amechoka.

Na mara nyingi huyo wa pili siyo hata mama, ni dada wa nyumbani. Tuseme ukweli kuhusu hili. Homuweki za watoto wa shule za mchepuo wa Kiingereza zinafanywa na wasichana walioletwa mjini kulea, wengi wao wakiwa wameishia darasa la saba huko kwao, kwa Kiswahili. Wa kwangu alikuwa anakaa na kamusi pembeni. Niliwahi kumkuta saa nne usiku anatafuta maana ya neno moja la Sayansi ili amwelekeze mtoto. Siku daftari lilipokuja na nyota ya dhahabu, dada ndiye aliyefurahi zaidi, akaibandua ile nyota kwa uangalifu na kuibandika nyuma ya simu yake. Sikumsema. Nyota ilikuwa ya kwake.

Nilipomweleza mume wangu kwamba nataka kwenda shuleni kuomba homuweki zipunguzwe, alisema lile ambalo waume wengi wangesema: "Sisi si tulisoma hivyo hivyo?"

Hapana, hatukusoma hivyo. Tulisoma shule za serikali, yeye Morogoro na mimi hapahapa Dar. Tulikuwa tunaambiwa kesho mje na fagio na kidumu cha maji. Tulikariri jedwali la kuzidisha kwa kuliimba, mwalimu akiuliza hesabu za kichwa mstarini na ukikosa unachapwa, jambo ambalo sina hamu lirudi. Homuweki ilikuwa hesabu tano zilizoandikwa ubaoni, unazifanya ukiwa umekaa kwenye ngazi za nyumba, halafu unakwenda kucheza rede au kombolela mpaka uitwe kwa jina lako lote. Mama yangu hakuwahi kufungua daftari langu. Aliniuliza tu kama nimemaliza. Mume wangu akanyamaza, kisha akasema ya kwake zilikuwa hesabu kumi. Haya, kumi.

Kwa kuwa nimesomea mambo ya mawasiliano na siyo elimu, nikaona nisibishane kwa hisia peke yake. Nikatafuta. Mwaka 2006 Profesa Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, na wenzake walichapisha mapitio ya tafiti za huko kwao zilizofanywa kati ya mwaka 1987 na 2003 kuhusu homuweki na ufaulu. Walikuta kwamba wanaofanya homuweki kwa ujumla hufaulu zaidi, ila uhusiano huo una nguvu kwa wanafunzi wakubwa, kuanzia darasa la saba kwenda juu. Kwa wadogo ulikuwa dhaifu sana. Na huyu profesa si mpinzani wa homuweki hata kidogo. Anakubaliana na kanuni ambayo walimu wengi kule wanaijua: dakika kumi zidisha kwa darasa. Darasa la kwanza dakika kumi, la pili ishirini, la sita saa moja. Mwanangu yuko la pili, dakika ishirini. Sisi tulikuwa tunampa mia moja na ishirini, na bado tunamtafutia tuisheni ya Jumamosi.

Nchi nyingine zimeamua kuliwekea sheria. Ufaransa walipiga marufuku homuweki za kuandika kwa shule za msingi tangu mwaka 1956, ingawa walimu wengi huko wanaendelea kuzitoa, kwa hiyo usidhani waraka peke yake unatosha. China, ambako watoto wanasifika kwa kusoma mpaka usiku, serikali ilitoa agizo Julai 2021: darasa la kwanza na la pili hakuna homuweki ya kuandika kabisa, la tatu hadi la sita isizidi wastani wa dakika sitini. Poland nao Aprili 2024 wakaondoa homuweki za kuandika kwa madarasa matatu ya mwanzo, na kuanzia la nne hadi la nane zikawa za hiari, hazipewi alama.

Jirani zetu Kenya walipitia ya kwao. Mtaala mpya wa umilisi ulipoanza rasmi madarasa ya chini mwaka 2019, wazazi walianza kulalamika kwamba wanatumwa wao: kukata, kubandika, kutafuta picha za kuchapisha usiku, kutengeneza vitu ambavyo mtoto wa miaka saba hawezi. Mwaka 2021 mtaala wenyewe ukafikishwa mahakamani. Nia ya mtaala ilikuwa mtoto ajifunze kwa vitendo, ila vitendo vikaishia kwa mama. Na hapa kwetu nani hajawahi kutafuta manila saa tatu usiku, duka zima la mtaa limefungwa, unagonga dirisha la mwenye duka kama mtu mwenye mgonjwa?

Basi nikaenda shuleni. Nilijiandaa kugombana. Mwalimu wa darasa ni dada mdogo kwangu, labda ana miaka ishirini na sita, akanikaribisha kwa heshima zote, "Shikamoo mama, karibu ukae." Nikamweleza yote, hata habari ya mkono wa kushoto. Akacheka, kisha akafunga mlango.

"Mama, nikuambie ukweli? Homuweki wanaozitaka ni nyinyi. Mimi nikitoa hesabu tano, kesho yake mzazi anakwenda ofisini kwa mkuu anasema analipa ada ya bure, mtoto anarudi anaangalia katuni tu. Nina watoto arobaini na mbili. Hesabu arobaini kwa watoto arobaini na mbili, nasahihisha mimi. Unadhani napenda?"

Sikuwa na la kujibu. Ni kweli, wakati tunatafuta shule mimi mwenyewe niliuliza, mbele ya mkuu, kama wanatoa kazi za kutosha za nyumbani. Niliuliza kama mtu anayenunua friji. Daftari lililojaa lilikuwa risiti yangu, naliangalia najua ada imefanya kazi. Na wenye shule wanatuelewa. Baraza la Mitihani halitangazi tena shule kumi bora siku hizi, lakini mabango ya wastani wa A bado yananing'inia kwenye mageti, na upimaji wa darasa la nne unaanza kutajwa mtoto akiwa la pili.

Nisije nikaonekana nazungumzia watoto wote wa nchi hii. Nina rafiki anafundisha shule ya msingi ya serikali, na nilipomsimulia alinicheka. Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 watoto waliongezeka sana, yeye darasani kwake wako zaidi ya mia. Akitoa homuweki ni nani wa kuzisahihisha? Na watoto wake wengine wakirudi nyumbani kuna maji ya kuchota, mdogo wa kubeba, maandazi ya kuuza kituoni, na jioni taa ni moja na mama anaihitaji jikoni. Huko kilio cha homuweki kupungua hakiwahusu. Lakini aliniambia jambo moja ambalo limenikaa. Akasema zile siku chache anazotoa homuweki, anapokagua hasomi akili ya mtoto, anasoma nyumba anayotoka. Aliyefanya yote ana kaka wa sekondari. Ambaye hakufanya yuko na bibi asiyeona vizuri. "Sasa nikiweka alama," akasema, "namwekea nani?"

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na nitausema wazi kwa kuwa ukurasa ni wangu. Darasa la kwanza mpaka la tatu, watoto wasipewe homuweki ya kuandika. Wasome kurasa mbili za hadithi, kwa sauti, kwa mtu yeyote aliyepo nyumbani, na kama nyumba ni ya Kiswahili basi hadithi iwe ya Kiswahili ili hata bibi aweze kusikiliza. Kuanzia la nne, wapewe kidogo, na iwe kazi ambayo mtoto anaweza kuifanya peke yake bila mama, bila dada, bila intaneti. Asipoweza, daftari lirudi tupu na mwalimu ajue kwamba hapo hapajaeleweka. Manila na gundi zibaki shuleni.

Nililipeleka wazo hili kwenye grupu la wazazi la WhatsApp. Kimya cha saa nzima, na kila mtu ameshasoma. Kisha baba mmoja akatuma sauti ya dakika nne kuhusu ushindani wa soko la ajira, kwa watoto wa miaka saba. Mama mwingine akasema wanaoona homuweki nyingi wana nafasi ya kuhamisha. Nikajua nimechokoza nyuki. Lakini usiku, karibu saa tano, ikaingia meseji pembeni kutoka kwa mama mmoja ambaye huwa tunasalimiana tu getini. Aliandika: "Asante kwa kusema. Juzi nimempiga mwanangu kwa mkanda kwa sababu ya homuweki ya Sayansi. Sijawahi kumpiga kabla. Sijalala vizuri toka siku hiyo." Nilimjibu, tukaandikiana mpaka saa saba. Hakuna hata mmoja wetu aliyetaja Sayansi tena.

Pamoja na yule mwalimu tulikubaliana hivi: ninatega saa, nusu saa basi. Ikilia, mtoto anafunga daftari alipofikia, nami naandika "Amefikia hapa, amekwenda kulala" na kuweka sahihi. Hakuna kusahihishiwa, si na mimi wala dada.

Matokeo nayaweka hadharani, hata yanayoniumiza. Muhula ule alishuka kutoka nafasi ya sita mpaka ya kumi na tisa. Baba yake aliishika ripoti kama bili ya hospitali. Mimi nilijifungia bafuni nikampigia mama yangu simu, na mama akaniuliza, "Huyo wa sita alikuwa mtoto au ulikuwa wewe?" Wiki hiyo hiyo mwalimu akanipigia. Akasema sasa ameona kwamba mtoto hajui kukopa kumi pale namba ya juu inapokuwa ndogo. Hakuwahi kujua, tangu darasa la kwanza. Siku zote hizo alikuwa ananisahihisha mimi, na mimi kukopa najua. Ameanza kumfundisha upya, na watoto wengine sita wenye tatizo hilo hilo. Sita ambao pia walikuwa wanapata 38 kwa 40.

Sijui atamaliza mwaka akiwa wa ngapi. Daftari halikai tena chini ya godoro, hilo nina uhakika nalo, kwa sababu nanyanyua godoro kila Jumamosi tunapobadilisha mashuka.

Jumatano iliyopita nilirudi saa kumi na mbili na nusu, kulikuwa hakuna homuweki kabisa. Tukakaa sebuleni tunatazamana. Nikagundua sijui niongee naye nini. Mwaka mzima mazungumzo yetu yalikuwa "umefanya?", "hii ni ngapi?", "fanya haraka". Nikamuuliza basi, shuleni wakati wa mapumziko huwa mnacheza nini.

Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Mimi sichezi. Ambao homuweki yao haijaisha tunabaki darasani kumalizia. Mwalimu wa Hesabu tu ndiye anayekubali ile sahihi yako."

Jumatatu nimeomba ruhusa ofisini. Naenda tena shuleni, na safari hii yule mama wa meseji amesema twende wote.